Kikomo cha miunganisho (seva za baruapepe)

Kikomo cha miunganisho ni idadi ya juu ya miunganisho ambayo seva ya baruapepe hukubali kwa wakati mmoja, iwe kwa jumla au kutoka anwani moja ya IP. Idadi hiyo ikipitwa, seva humkataa anayebisha hodi, mara nyingi kwa jibu la 421, na barua husalia kwenye foleni ya mtumaji. Watumiaji huripoti kwamba barua imepotea. Kwa kawaida imechelewa tu.

Jibu la 421

Majibu ya SMTP, itifaki ya kutuma baruapepe, yana tarakimu tatu. Yanayoanza na 4 ni ya muda, yanayoanza na 5 ni ya kudumu. Utaratibu huo upo tangu RFC 821 ya Jon Postel (1982) na umeendelezwa na RFC 5321 (2008), ambayo humtaka mtumaji asubiri walau dakika 30 kabla ya kujaribu tena, na aendelee kujaribu kwa siku 4 hadi 5. Postfix haina subira hiyo: hurudia baada ya sekunde 300, hurefusha pengo hadi sekunde 4,000, na siku 5 zikiisha humrudishia mtumaji barua yake.

Postfix

Postfix, iliyoandikwa na Wietse Venema akiwa IBM na kutolewa mwaka 1998, ina maelezo ya kina kuhusu jambo hili. Huduma yake iitwayo anvil huhesabu miunganisho ya kila mteja. Mpangilio wa smtpd_client_connection_count_limit huanza na 50, yaani nusu ya michakato 100 ambayo kila huduma inaruhusiwa, ili mteja mmoja asiweze kuwafungia wengine mlango. Anwani zilizomo kwenye mynetworks, orodha ya mitandao inayoaminika, husamehewa.

Mtego hujitokeza pale kichujio cha barua taka au proksi inapowekwa mbele ya seva bila kupitisha anwani halisi za wateja. Hapo miunganisho yote huonekana imetoka kwa mteja mmoja, na seva huanza kuwakataa watu wasio na kosa. Kumbukumbu za seva huonyesha onyo lenye anwani ileile mstari baada ya mstari, na anwani hiyo ni ya proksi yenyewe.

Tangu toleo la 2.6, Postfix ikielemewa hujiweka katika hali ya dharura: muda wa kumsubiri mteja hushuka kutoka sekunde 300 hadi 10, na kosa moja tu linatosha kumkatia mteja mawasiliano badala ya makosa 20. Ni ubunifu wa kupongezwa, kwani huokoa seva bila msimamizi kuamshwa usiku.

Kwa upande wa kutuma, Postfix hufungua hadi miunganisho 20 kwa kikoa kimoja. Mpokeaji akilalamika, msimamizi hupunguza idadi hiyo kwa kikoa husika pekee, kupitia njia ya kutuma iliyotengwa, au huweka smtp_destination_rate_delay ya sekunde 1, ambayo hulazimisha barua kwenda moja baada ya nyingine.

Programu nyingine

Exim ya Philip Hazel hukubali miunganisho 20 kwa jumla isipobadilishwa. Sendmail huweza kukataa wageni kulingana na mzigo wa mashine. Katika qmail, idadi ya barua zinazotumwa nje kwa pamoja ni 20.

Upande wa kusoma barua

IMAP, itifaki ya kusoma barua, nayo ina vikomo vyake, na mara nyingi watumiaji huvichanganya na vya SMTP. Seva ya Dovecot huruhusu miunganisho 10 kwa kila mtumiaji kutoka anwani moja. Gmail huruhusu 15 kwa akaunti. Programu ya barua ya Thunderbird peke yake huweza kufungua 5. Kwa hiyo mtu mwenye kompyuta mbili nyuma ya ruta moja ya ofisi huzimaliza nafasi zote 10 za Dovecot, na simu yake ikijaribu kuingia kupitia ruta hiyohiyo huambiwa haiwezekani. Wengi hukimbilia kubadilisha nenosiri, jambo lisilosaidia chochote.

Utatuzi

Hatua ya kwanza ni kusoma kumbukumbu na kujua nani anamkataa nani. Amri ya mailq huonyesha foleni pamoja na sababu ya kila barua kukwama. Kosa linalorudiwa sana ni kuisukuma foleni mara kwa mara kwa postqueue -f: kila msukumo huzaa miunganisho mipya na kumpa mpokeaji sababu zaidi ya kukataa. Kupandisha kikomo bila kuangalia kumbukumbu ya mashine (RAM) nako ni kuhamisha tatizo.

Chanzo cha kawaida cha kukataliwa ni programu ya mishahara au ankara inayofungua muunganisho mpya kwa kila barua mwisho wa mwezi. Exchange Online ya Microsoft, kwa mfano, huruhusu miunganisho 3 kwa wakati mmoja na barua 30 kwa dakika kwa kila akaunti inayotuma kwa SMTP, na anayezidisha miunganisho hujibiwa 432. Kwa kasi hiyo hati 600 za mishahara huhitaji dakika 20, na programu inayotumia muunganisho mmoja kupeleka barua nyingi humaliza kazi bila mgogoro.

Hali ya sasa

Watoa huduma wakubwa sasa hutazama zaidi sifa ya mtumaji kuliko idadi ya miunganisho. Tangu Februari 2024 Google hudai uthibitisho wa SPF, DKIM na DMARC kwa wanaotuma barua 5,000 au zaidi kwa siku kwenda Gmail.