Kanisa la Luebo na mashamba ya Bakuba

Wandugu, tukitaja Wapresbiteri huku mashariki, wengi wanawaza Rwanda. Lakini hapa Kongo shina lao liko Luebo, mu Kasai, kijiji cha Bakete ambako safari ya mashua ya moto ilikuwa inaishia.

Aprili 1891 walifika hapo vijana wawili toka Marekani: Samuel Lapsley, mzungu, na William Sheppard, Mweusi. Sheppard alikuwa ameomba kutumwa siku nyingi, wakubwa wa kanisa wakakataa mpaka apatikane mzungu wa kwenda naye. Mwaka haujatimia, huyo mzungu akafa kwa homa kule Matadi. Aliyekataliwa peke yake ndiye akabakia na kazi!

Kanisa lenyewe lilikuwa la ajabu. Liko kwa Bakete, jirani na Bakuba, lakini lilihubiri Tshiluba, maana waumini wa kwanza wengi walikuwa Baluba na Balulua waliotolewa utumwani. Maria Fearing, mama aliyezaliwa mtumwa Alabama, aliuza nyumba yake ili aje, akiwa amepita miaka 50. Alikomboa wasichana kwa vitu vya biashara na kuwalea. Ndiyo, ni kununua mtu ili umwachilie; tunaweza kubishana juu ya hiyo.

Kitu kinachonigusa mimi wa agronomia ni kesi. Mwanzoni mwa 1908 Sheppard aliandika mu gazeti dogo la misioni kile alichoona kwa Bakuba. Zamani walilima vizuri na kujenga nyumba kubwa. Sasa majani yamekula mashamba, nyumba zinaachwa nusu, watu wanasukumwa na walinzi wenye bunduki kutafuta kauchu. Haikuwa kauchu ya kupanda. Ilikuwa ya kamba za pori, na ukimaliza za karibu unaenda mbali zaidi, mvua inaanza hujashika jembe. Njaa inatoka hapo, hauhitaji lisansi kuielewa.

Kampuni ya Kasai ikamshitaki kwa kuchafua jina lake, pamoja na mwenzake William Morrison, mwenye kuandika sarufi ya Tshiluba. Ikabidi washuke mto karibu kilometa 1000 mpaka Léopoldville. Aliyewatetea ni Émile Vandervelde, msosialisti wa Ubelgiji, mtu asiye wa kanisa kabisa. Mashitaka ya Morrison yaliangushwa. Oktoba 1909 tribinali ikamwachilia Sheppard. Na ile makala, muisome wenyewe: jina la kampuni halikuandikwa hata mara moja.