Seva ya nyumbani Ngomeni: kwa nini walio nje hawaifikii?

Leo tuzungumzie tatizo linalowasumbua wengi wanaojiwekea seva nyumbani, na tuanze kwa historia, maana jibu limo humo.

Ngomeni, kaskazini mwa Malindi, ni kijiji cha wavuvi chenye sifa ya pekee. Tarehe 26 Aprili 1967 setilaiti ya Italia, San Marco 2, ilirushwa kutoka jukwaa lililosimamishwa baharini hapo. Tarehe 12 Desemba 1970 ikafuata ya Marekani, ikaitwa Uhuru kwa heshima ya sikukuu ya Kenya. Kurusha kuliisha Machi 1988, lakini antena za nchi kavu ziliendelea na kazi. Setilaiti ya Swift, iliyorushwa na NASA mwaka 2004, ilitumia kituo hicho kuteremsha data zake.

Sasa tuseme mkazi wa hapo anaweka ubao wa matangazo wa kijiji kwenye kompyuta kuukuu: bei ya tasi na changu, harusi, misiba, mechi za Jumapili. Ndani ya nyumba ubao unafunguka vizuri. Ndugu aliye Mombasa au Muscat akijaribu, hapati kitu. Kwa nini?

Enzi ya namba ya simu

Ubao wa kwanza wa kompyuta uliopokea watu kwa simu, CBBS, uliwashwa Chicago tarehe 16 Februari 1978 na Ward Christensen na Randy Suess. Kompyuta moja, modemu moja, laini moja. Ukipiga namba unaingia. Laini ikiwa na mtu, unasubiri. Mwaka 1984 Tom Jennings akaanzisha FidoNet, ambamo mbao zilipigiana simu usiku na kubadilishana barua kwa mafurushi.

Mfumo huo ulifika Nairobi mwanzoni mwa miaka ya 1990, katika ofisi za shirika la mazingira la ELCI. Kompyuta ya GreenNet iliyokuwa London ilipiga simu, ikachukua barua na kuacha nyingine. Ilikuwa polepole na ghali, lakini angalia jambo moja: London iliweza kuita Nairobi kwa sababu Nairobi ilikuwa na namba yake. Mwenye laini alikuwa na anwani.

Bawabu mlangoni

Intaneti ilileta anwani za IP za biti 32, yaani 4,294,967,296 tu kwa dunia nzima. Mei 1994, Kjeld Egevang na Paul Francis walieleza katika hati ya RFC 1631 njia ya kubana matumizi kwa muda: NAT. Mashine nyingi ndani, anwani moja nje.

NAT ni bawabu mwenye daftari. Anayetoka anaandikwa, na jibu lake likirudi bawabu anajua ni la nani. Mgeni anayebisha bila kuitwa hayumo daftarini, kwa hiyo haruhusiwi kuingia. Anayesoma tovuti tu hata hamwoni bawabu huyu. Mwenye seva, ambaye kazi yake ni kupokea wageni, ndiye anayeumia.

Tarehe 3 Februari 2011 ghala kuu la anwani, IANA, liligawa mafungu yake ya mwisho. Aprili 2012 hati ya RFC 6598 ikatenga anwani za 100.64.0.0 hadi 100.127.255.255 kwa NAT ya kampuni za intaneti zenyewe. Januari 2020 Afrinic, wanaogawa anwani Afrika, wakashusha kikomo hadi anwani 1,024 kwa ombi moja. Hivyo wengi wetu, hasa tunaotumia laini za simu za mkononi, tuna mabawabu wawili: mmoja nyumbani, mwingine kwa kampuni.

Kutafuta hitilafu

Anza ndani, toka nje hatua kwa hatua:

1. Fungua ubao kwa kompyuta nyingine ya nyumbani. Ukikataa, huenda seva inasikiliza 127.0.0.1 peke yake, au fayawoli ya mashine imefunga poti.
2. Ipe seva anwani ya ndani isiyobadilika, mfano 192.168.1.20, kisha kwenye ruta elekeza poti 80 na 443 kwake.
3. Jaribu kwa simu yenye data, WiFi ikiwa imezimwa. Ruta nyingi hazikubali ombi lililotoka ndani lizunguke na kurudi ndani, hivyo jaribio la nyumbani linaweza kukudanganya.
4. Linganisha anwani ya nje inayoonyeshwa na ruta na ile inayoonwa na tovuti za kupima anwani. Zikifanana, chunguza tena hatua za juu, au uliza kama kampuni inazuia poti. Zikitofautiana, umekutana na bawabu wa pili. Usihangaike tena na ruta.
5. Ubao ukifunguka leo na kesho ukapotea, anwani yako inabadilika. Tumia jina la DNS linalojisasisha.

Bawabu wa pili ana dawa tatu. Omba anwani ya umma, ambayo mara nyingi hulipiwa. Tumia IPv6 ya biti 128, iliyoandikwa Desemba 1995, kama kampuni yako na mgeni wako wote wanayo. Au chimba handaki: seva yako itoke yenyewe kwenda kwenye mashine ya kukodi yenye anwani ya umma, na wageni wapitie huko. SSH, aliyoiandika Tatu Ylönen mwaka 1995, hufanya kazi hiyo kwa chaguo la -R. Ni kinyume cha FidoNet ya Nairobi: safari hii Ngomeni inapiga simu kwanza, na laini inabaki wazi. Lakini mlango ukishafunguka, sasisha programu na weka nywila ngumu.

Kuna atakayeuliza, kwa nini usumbufu wote huu wakati kuna huduma za bure? Kwa sababu huduma ya bure ikifungwa na wenyewe, matangazo ya misiba na harusi za kijiji yanaondoka nayo. Kompyuta iliyo sebuleni haifungwi na mtu wa mbali.

Kwa hiyo kama umekwama, fanya hatua ya nne leo. Haichukui hata dakika tano, na itakuambia umezuiwa na bawabu yupi.