Tabora: asali juu ya mti, kuni chini ya bani

Wengi hudhani miyombo ya Tabora imesimama hivyo tangu enzi. Sivyo. Wapelelezi wa Kiingereza Burton na Speke walipofika Kazeh, ndiyo Tabora ya leo, Novemba 1857, hapa palilimwa: misafara ya pembe na watumwa kati ya Bagamoyo na Ujiji ilikuwa ikila mazao ya mashamba ya Unyanyembe. Baadaye yakaja malale. Kuanzia miaka ya 1920 Waingereza wakawahamisha wanavijiji waliotawanyika, wakawakusanya kwenye makazi makubwa kuwaepusha na mbung'o wanaoeneza ugonjwa huo. Mahame yakamezwa na vichaka, na sehemu kubwa ikaishia kuwa msitu wa hifadhi.

Wanyamwezi, wenyeji wa Tabora, waliendelea kuingia humo kufuata asali na nta. Tusiwapambe: mzinga wa gome hupatikana kwa kuuchuna mti mzunguko mzima, nao hufa. Lakini mrina asali akiua mti mmoja, bado anaihitaji mingine yote ibaki hai, ichanue.

Tumbaku haina haja hiyo. Mradi wa karanga ulioanzishwa na Waingereza mwaka 1947 ulipokufa, Urambo, mojawapo ya maeneo yake, iligeukia tumbaku ya mvuke. Majani hutungwa vijitini na kupangwa ndani ya bani, yaani banda la kukaushia, moto wa kuni za msituni huwashwa mdomoni, joto likapita kwenye mabomba. Mkulima hukesha karibu juma zima: kwanza moto mdogo, jani ligeuke njano, kisha mkali hadi mshipa wa kati ukauke. Akipitiwa na usingizi moto ukazimika, bani zima laweza kuharibika.

Mkakati wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 unataka asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati hiyo ifikapo 2034. Ni lengo jema, hasa kwa mapafu ya akina mama, ila ni la jikoni, haligusi kuni za bani. Bani linaleta fedha za kigeni, kwa hiyo linaambiwa kwa upole tu: jengeni la kisasa, pandeni miti.

Mrina asali hajabembelezwa hivyo. Pori la akiba la Ugalla, huko Tabora, lilipopandishwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2019, msitu aliouzoea ulimfungia mlango. Naona ni mkono uleule wa zama za mbung'o: kumtoa mtu ni rahisi kuliko kupunguza moto. Na si kwamba njia nyingine haipo. Sheria ya Misitu ya 2002 inaviruhusu vijiji kumiliki misitu yao, na huko Katavi, vijiji vya Wilaya ya Tanganyika vinalipwa kwa kaboni inayohifadhiwa na msitu wa Ntakata, watu wakiwa palepale.