Treni ya njano na mambo isiyoyasema

Nilimezwa na kazi ya somo la mbinu za kufundisha Historia. Mkufunzi alituambia kila mtu achague kitu kimoja kinachotumika leo hii, akisome kama anavyosoma waraka wa zamani, halafu aeleze angekitumiaje darasani kwenye mada ya vyanzo vya historia. Wenzangu wakachagua kanga, mtungi, jahazi. Mi nikachagua treni ya chini ya ardhi ya Tokyo. Darasa zima likacheka, nikacheka nao. Ila sikubadilisha.

Treni zenyewe ni za aina ya 1000 za kampuni ya Tokyo Metro, zinazopita kwenye njia ya Ginza kati ya Asakusa na Shibuya, kilomita 14.2. Zilianza kubeba abiria Aprili 2012, na mwaka 2013 zikapata tuzo ya Blue Ribbon, ambayo wapenzi wa reli wa Japani huipa treni mpya bora. Kila treni ina mabehewa sita. Ni za kisasa kweli kweli: mota zake zinatumia sumaku za kudumu ili kubana matumizi ya umeme, na magurudumu yake yanaweza kujigeuza kidogo kufuata kona, hivyo ule mlio wa chuma kusaga chuma unapungua.

Sasa itazame kwa nje. Ni ya njano yote, na paa lina rangi ya kahawia inayoelekea wekundu. Inafanana na treni ya mwaka 1927! Si bahati mbaya. Hata jina la 1000 ni la treni ile ya kwanza kabisa ya njia hii. Yaani wamechukua mtambo wa karne ya 21 wakauvika nguo za babu.

Kwenye rasimu yangu ya kwanza niliandika hivi: "Treni hii inaonyesha jinsi Wajapani wanavyoienzi historia yao." Nikajiona nimemaliza. Karatasi ikarudi na wino mwekundu pembeni: "Nani anamuenzi nani, na nani hatajwi?" Nikaanza upya.

Basi twende mwanzo. Mwaka 1914 bwana mmoja anaitwa Hayakawa Noritsugu, mzaliwa wa mkoa wa Yamanashi, alifika London kuchunguza mambo ya reli na bandari. Akaona treni za chini ya ardhi, roho ikatekwa. Aliporudi Tokyo watu wakamwambia udongo wa mji ule ni laini, mahandaki hayatasimama. Yeye akatafuta takwimu za udongo zilizopatikana wakati wa kujenga madaraja, akaona chini kuna tabaka gumu. Inasimuliwa pia kwamba alikuwa anasimama barabarani na maharage meusi na meupe mfukoni, akihesabu wapita njia na magari ili ajue abiria wako wapi. Hivi mnaona? Huyo ni mtafiti asiye na bajeti, anatumia maharage. Sisi wa chuo tunamuelewa.

Kampuni yake ilianzishwa mwaka 1920. Septemba 1923 likaja tetemeko kubwa la Kanto, mji ukaungua, fedha zikawa ngumu. Akapunguza mpango akaanza na kipande kifupi cha kilomita 2.2, Ueno mpaka Asakusa. Ueno ndiko treni za kaskazini ziliposhusha watu, Asakusa ndiko kulikuwa na hekalu na starehe. Walianza kuchimba Septemba 1925, kwa kufukua barabara, kujenga handaki, kisha kufukia juu yake. Tarehe 30 Desemba 1927 ikafunguliwa, nauli seni 10. Mabehewa yalikuwa ya chuma kitupu kwa kuogopa moto, na rangi ya njano ilifuata mfano wa treni za Berlin. Kumbe hiyo njano ya "Kijapani" nayo ilitoka kwingine!

Kufika Shimbashi mwaka 1934 kulihitaji ujanja wa fedha. Duka kubwa la Mitsukoshi lilitoa pesa kujenga kituo kilichofunguliwa mwaka 1932 karibu na mlango wake, na mpaka leo kituo kinaitwa kwa jina la duka hilo.

Hapa ndipo anaingia mtu wa pili, Goto Keita. Huyu alikuwa na kampuni yake, akachimba kutoka Shibuya kuja Shimbashi, akafika Januari 1939. Sasa Shimbashi kukawa na vituo viwili vya chini ya ardhi vya kampuni mbili, ukuta katikati, abiria inabidi atoke huku aingie kule. Hayakawa hakutaka kuunganisha. Kutoka Septemba 1939 treni zikaanza kupita moja kwa moja, kituo cha upande wa Goto kikaachwa gizani. Lakini ugomvi haukuisha, manake Goto alikuwa ananunua hisa za kampuni ya Hayakawa. Mwaka 1940 Hayakawa akatoka kwenye kampuni aliyoianzisha mwenyewe. Mwaka 1941 serikali ikaziweka reli zote mbili chini ya shirika moja la umma, lile lililokuja kuwa Tokyo Metro mwaka 2004. Hayakawa alifariki mwaka 1942.

Sasa rudi kwenye treni ya 2012. Inamkumbuka Hayakawa kwa rangi, sawa. Ila kwamba aliondoka ameshindwa, haisemi. Na kitu kimoja kilinishtua: ile njano si rangi ya kupaka. Bodi ni la aluminiamu, na njano ni karatasi laini ya plastiki iliyogandishwa juu yake. Mwaka 2017 wakatoa treni mbili za mwisho za aina hii zikiwa na mapambo zaidi: ndani zinafanana na mbao, viti kijani, na taa ndogo za akiba ukutani. Zamani kwenye njia hii taa zilikuwa zinazimika sekunde chache treni ikipita mahali ambapo reli ya umeme imekatika, halafu kitaa cha akiba kinawaka. Ile ilikuwa kero. Kwenye treni hizi mbili wanaweza kuizima taa makusudi, siku za matukio maalum, watu wafurahi. Kero ya babu imekuwa burudani ya mjukuu.

Lakini kuna mambo ambayo treni inayasema bila kukusudia, na hayo ndiyo niliyapenda. Mbona behewa lina urefu wa mita 16 tu, wakati njia nyingi za Tokyo zina mabehewa ya mita 20? Kwa sababu handaki ni lile lile la Hayakawa. Mbona inachukua umeme wa volti 600 kutoka reli ya tatu pembeni, na si waya wa juu? Kwa sababu handaki ni fupi kwenda juu. Mbona magurudumu yanajigeuza? Kwa sababu kona kali za enzi zile bado ziko pale pale, zinafuata barabara zilizofukuliwa. Na mbona treni hii haiendelei mpaka vitongojini kama zinavyofanya treni za njia nyingine? Reli ya tatu na ukubwa wake haviruhusu. Fundi wa 2012 alikuwa anamtii bwana aliyefariki 1942, apende asipende.

Kwa hiyo kwenye rasimu ya pili niliandika kwamba kitu kina midomo miwili. Mmoja umewekwa na mwenye kitu, unasema anachotaka tusikie: njano, mbao, kitaa. Mwingine hakuna aliyeuweka, ni vipimo na kona, na huo ni vigumu kuudanganya. Bango la ukumbusho linaweza kumsahau mtu. Kona haisahau.

Nilipowasilisha, jamaa wa kanga akauliza kama hata kanga yake ina midomo miwili. Nikamjibu jina inalosema ni mdomo wa kwanza, aitazame pindo ajue ilichapwa wapi na nani alipata faida. Hakucheka tena.

Mwakani nikipelekwa kufundisha kidato cha kwanza, sitakuwa na picha ya treni ya Tokyo, na huenda sitakuwa hata na umeme. Haidhuru. Nitawaambia wanangu waangalie jengo la shule yenyewe, wasome kibao cha mlangoni, halafu waache kibao waende wakapime kuta.

Haya, kesho saa mbili asubuhi nina kipindi. Tuko pamoja.