Mdudu Aliyeitwa Scania

Niliwahi kusaidia kujaza madodoso ya kupima uelewa wa wanawake wa vijijini kuhusu utunzaji wa nafaka baada ya mavuno. Aliyejibu kwamba huhifadhi mahindi kwenye magunzi, na maganda yake, darini juu ya jiko, hakupata alama. Nikawaza: bibi yangu wa Tabora angefeli.

Na hakuwa mjinga. Mama alinisimulia jinsi bibi alivyochambua mavuno: hindi ambalo maganda yake yameachana liliwe mapema, lililofungwa hadi nchani liende darini. Maganda yale yaliwazuia fukusi, moshi ukayakausha mahindi na kuwasumbua wadudu. Mbegu zilining'inizwa karibu zaidi na moshi, na mtoto aliyezigusa alichapwa. Kila jioni yalishushwa machache tu ya kupukuchua.

Kisha akaja dumuzi. Asili yake ni Meksiko na Amerika ya Kati, na inaaminika alisafiri ndani ya shehena ya mahindi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 alitambuliwa mkoani Tabora, na watu, ambao hawakosi jina la kumpa mgeni, wakamwita Scania, kama yale malori. Alitoboa punje, gunzi, hata mbao, akiacha unga mtupu. Ndani ya miezi michache familia iliweza kupoteza hadi theluthi ya uzito wa akiba yake.

Ubaya ni kwamba dumuzi hustawi zaidi mahindi yakiwa kwenye magunzi, kwa sababu punje zilizoshikana humpa pa kujiegemeza anapotoboa. Njia iliyowashinda fukusi ikawa karamu yake. Wataalamu wakafundisha kinyume: pukuchua yote yakishakauka, changanya na dawa ya unga yenye viuatilifu viwili, kwa kuwa kile kilichozoeleka kwa fukusi hakikumtosha dumuzi. Walikuwa sahihi.

Lakini nani alipukuchua? Kazi iliyokuwa ya mwaka mzima, kidogo kidogo, ikarundikwa kwenye wiki chache za vidole vyenye malengelenge. Dawa nayo ilitaka fedha. Tena kuna jambo ambalo dodoso letu halikuwa na kisanduku chake: mahindi ya darini yalikuwa chini ya mkono wa mpishi, ilhali gunia lililoshonwa liko tayari kwa mnunuzi, na mara nyingi aliyepatana naye bei hakuwa mke. Sijui ungeulizaje hilo kwa ndiyo au hapana.

Bibi alikubali dawa baada ya msimu mmoja wa kukuta unga darini. Alipukuchua, akachanganya, akafunga magunia. Mbegu tu hakuzishusha. Aliziacha juu ya moshi, na mara kwa mara alizitoa moja moja, akaligongagonga kila hindi juu ya ungo na kuinama kutazama kama kuna kinachodondoka.