Presha ya Macho na Masafa ya Igalula

Glakoma, ambayo watu wengi huiita presha ya macho, ni ugonjwa unaoua mshipa wa fahamu wa jicho kidogo kidogo. Jicho hutengeneza majimaji usiku na mchana, nayo hutoka kupitia kichujio chembamba kilicho kwenye pembe, pale konea, yaani utando angavu wa mbele ya jicho, inapokutana na sehemu yenye rangi. Kichujio kikiziba, majimaji hurundikana, shinikizo hupanda, na nyuzi za mshipa huo, ambazo huzidi milioni moja, huanza kufa. Zikifa hazirudi. Mtoto wa jicho huondolewa na mgonjwa akaona tena. Aliyepofushwa na glakoma hakuna daktari awezaye kumrudishia kilichopotea.

Ugonjwa huu hauna kelele, tofauti na maradhi mengine ya macho. Mwaka 1858, mpelelezi Mwingereza John Hanning Speke alifika Ziwa Tanganyika pamoja na mwenzake Richard Burton baada ya kupitia Kazeh, palipo Tabora ya leo, akiwa na maradhi makali ya macho hata asiweze kuliona ziwa sawasawa. Macho ya namna hiyo huuma, na kila mtu hutambua kuwa yanaumwa. Glakoma iliyozoeleka Afrika Mashariki haiumi wala haileti wekundu. Huanza kula uono wa pembeni. Mkulima wa Igalula, wilayani Uyui mkoani Tabora, anaweza kumtambua vizuri mgeni aliyesimama mbele yake, lakini asiione baiskeli inayotokea ubavuni, au akagonga bega kwenye mwimo wa mlango wa nyumba aliyokulia. Jicho moja likififia, jingine humficha hasara yake. Wengi hufika hospitali jicho la kwanza likiwa limekwisha.

Wagonjwa si wachache. Utafiti uliochapishwa mwaka 2000 kutoka vijiji sita vya Kongwa, katika Ugogo, ulipima watu 3,268 wenye umri wa miaka 40 na zaidi. Asilimia 4.16 kati yao walikuwa na glakoma, na wengi wa hao walikuwa na ile ya pembe iliyo wazi, yaani aina isiyo na dalili za mapema.

Uchunguzi kwa muda mrefu ulitegemea kupima shinikizo. Kifaa cha Schiøtz cha mwaka 1905, kilichowekwa juu ya jicho lililotiwa ganzi, kilitumika katika hospitali nyingi za vijijini kwa miongo mingi. Lakini shinikizo peke yake hudanganya: wapo wenye glakoma ambao siku ya kupimwa namba yao ni ya kawaida, na wapo wenye namba kubwa ambao mshipa wao ni mzima. Konea nyembamba nayo huipunguza namba kuliko ilivyo. Kwa hiyo jambo la kuangaliwa hasa ni kichwa cha mshipa wenyewe, nyuma ya jicho, ambacho katikati yake mna kishimo mfano wa kikombe. Kikombe kinachopanuka ni nyuzi zinazokufa. Mashine ya OCT, iliyoelezwa mara ya kwanza mwaka 1991, hupima unene wa nyuzi hizo kwa mikroni, na katika hospitali kubwa ni msaada mkubwa. Hata hivyo, kwa wilaya kama Uyui maendeleo yenye uzito zaidi ni madogo kwa umbo: huko Nakuru, Kenya, watafiti walionyesha kuwa simu iliyofungwa kifaa cha Peek inaweza kupiga picha za mshipa zinazosomeka vizuri na wataalamu walio mbali.

Tiba ya kawaida ni matone. Timolol hutiwa mara mbili kwa siku, maisha yote, na mwenye pumu haimfai. Mgonjwa haoni nafuu yoyote, kwa kuwa matone hulinda kilichobaki tu, nayo chupa ikiisha lazima asafiri kufuata nyingine. Ndiyo sababu jaribio lililofanyika katika hospitali ya KCMC, Moshi, na kuchapishwa mwaka 2021, lina thamani kubwa kwa nchi hii. Wagonjwa 201 waligawanywa kwa bahati nasibu: wengine matone ya timolol, wengine leza ya SLT inayopigwa kwenye kichujio ili kukifungua. Baada ya mwaka mmoja, matone yalifanikiwa katika asilimia 31 ya macho, leza katika asilimia 61. Leza huchukua dakika chache, na inaweza kurudiwa.

Pale leza isipotosha, au ugonjwa ukiwa umekomaa, hubaki kisu. Trabekulektomi, aliyoieleza daktari Cairns wa Cambridge mwaka 1968, ndiyo upasuaji mkuu hadi leo. Daktari hufunua utando wa juu, hukata kifuniko chembamba katika weupe wa jicho, hutoboa tundu chini yake, kisha hushona kifuniko kwa nyuzi zisizozidi unywele, akiacha upenyo wa majimaji kuchuruzika. Chini ya kope la juu hutokea lengelenge dogo. Hilo ndilo bwawa jipya la jicho. Adui wake ni kovu, na kwa watu wenye asili ya Afrika kovu hujifunga kwa nguvu zaidi. Kwa hiyo sifongo iliyoloweshwa dawa ya mitomaisini hubandikwa kwa dakika mbili tatu, kisha jicho husafishwa kwa maji mengi. Kazi haiishii mezani: nyuzi hulegezwa, lengelenge hukaguliwa, maambukizi huwindwa kwa miezi. Likishindikana, huwekwa mrija, ambao daktari Molteno aliueleza mwaka 1969 na ambao sasa hutengenezwa India kwa bei nafuu.

Tatizo gumu kuliko yote ni matarajio. Aliyetolewa mtoto wa jicho hufunguliwa bandeji kesho yake akaona; wa glakoma hufunguliwa akaona vilevile, pengine vibaya zaidi kwa wiki kadhaa. Asipoelezwa hili mapema, atarudi kijijini akisema amepasuliwa bure, na majirani hawatakwenda.

Kwa mji ulio kando ya reli ya kati kama Igalula, tiba bora ni ile isiyohitaji kusafiri kila mwezi. Leza ikisogezwa katika hospitali za mikoa, na kila mtu anayefuata miwani au mtoto wa jicho akachunguzwa mshipa, wengi wataokolewa. Aliyevuka miaka 40 na ana mzazi au ndugu wa damu mwenye glakoma aende hospitali ya Kitete, Tabora, aombe aangaliwe mshipa wa jicho, hata kama anaona vizuri.