Nyota za wanafunzi wa futiboli ya Kimarekani zaaminika kiasi gani?

Nchini Marekani, makampuni kama Rivals na 247Sports huwapima kwa nyota wanafunzi wa sekondari wanaocheza futiboli ya Kimarekani, tano zikiwa za juu kabisa. Makadirio hayo si ramli: kijana wa nyota tano ana nafasi kubwa zaidi ya kufika ligi ya NFL kuliko mwenye tatu. Ila wenye tatu au pungufu ni maelfu, ndiyo maana NFL imejaa wao.

Anayeumia ni kijana wa mji mdogo, wasikofika wapimaji. Josh Allen wa Firebaugh, California, alipomaliza sekondari mwaka 2014 hakupata ufadhili wa chuo kikuu chochote cha daraja la kwanza. Alianzia chuo cha Reedley, kisha Wyoming. Ndiye aliyetangazwa mchezaji bora wa NFL wa msimu wa 2024.